S2000 yangu au Cayman S: nilivyoamua baada ya kukaa na magari yote mawili

Porsche Cayman S ni gari bora kuliko Honda S2000 yangu. Nalisema mapema, kwa sababu mtu mwenye kipenzi chake cha miaka mingi huingia kwenye ulinganisho wa aina hii akitafuta visingizio vya kubaki alipo, na msomaji haambulii kitu. Cayman imetulia zaidi barabarani, usukani wake una habari nyingi zaidi, injini yake inavuta tangu chini, na mizigo inabeba. Pamoja na hayo yote, S2000 haiuzwi. Sikufika hapo kwa mapenzi matupu, na njia niliyopita naamini itamfaa yeyote anayelipenda gari lake la michezo huku jicho limeshavutwa na jingine.

Gari langu ni la toleo la mwanzo, lile wapenzi wake wanaloliita AP1. Honda waliitoa S2000 mwaka 1999, katika kuadhimisha miaka 50 ya kampuni, na aliyeongoza kazi hiyo ni Shigeru Uehara, mhandisi yuleyule wa NSX, gari jingine la michezo la Honda. Injini yake ni ya lita 2, silinda nne, haina turbo, na inapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Inatoa nguvu za farasi 240, yaani 120 kwa kila lita, na zile zilizouzwa Japani zilizidi hapo kidogo. Asiyewahi kuiendesha hudhani ni tarakimu za kujivunia tu. Siri iko kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini: kila kundi la valvu lina nundu za aina mbili, za upole na za ukali, na injini ikikaribia mizunguko 6,000 mfumo wa VTEC unahamia kwenye zile za ukali. Valvu zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi, sauti inabadilika, na gari linaondoka kwa nguvu mpya wakati injini nyingi zinaanza kuchoka.

Chini ya hapo ni injini ya kawaida kabisa. Nguvu yake ya kuvuta ni nyutonimita 208, nayo huipati kamili mpaka mizunguko 7,500. Ukitaka kulipita lori, unashuka gia mbili, si moja. Kwenye barabara kuu, gia ya sita, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, na juu yako kuna turubai tu. Safari ndefu inachosha masikio. Usukani nao ni wa kusaidiwa na mota ya umeme, jambo lililokuwa geni enzi hizo. Ni mwepesi kuitika lakini haukuambii vya kutosha kuhusu hali ya tairi za mbele. Haya ndiyo yaliyoanza kunifanya nitazame magari mengine, na yote ni ya kweli mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine. Usililinganishe gari lako lililochoka na gari la mtu lililotunzwa. Kabla sijaligusa gari jingine nililirudisha langu katika hali yake: bushi zote (vipande vya mpira vya kwenye maungio) za mikono ya saspensheni ya nyuma na mbele, shokapu, mafuta ya gia na ya difu, tairi mpya nne za aina moja, halafu alaimenti ya magurudumu yote manne kwa vipimo vya kiwandani. Bushi iliyokufa ni kama kandambili iliyolegea, mguu unakwenda na ndala inafuata baadaye. Unakata kona, mwili wa gari unaanza kugeuka, gurudumu linachelewa, na wewe unaamini kwamba gari limezeeka na dawa yake ni kuliuza.

Kwa AP1 jambo hili lina uzito wa pekee. Saspensheni yake ya nyuma imeundwa hivi kwamba inapobonyea, gurudumu linabadili uelekeo wake kidogo kuelekea ndani, na ukiachia pedali ya mafuta ghafla katikati ya kona, badiliko hilo linarudi nyuma kwa haraka. Ndiyo sababu matoleo ya mwanzo yana sifa ya kuchomoka nyuma bila taarifa, na ndiyo sababu Honda walirekebisha saspensheni hiyo kwa toleo la mwaka 2004. Weka bushi zilizolegea na tairi kavu za miaka mingi juu ya tabia hiyo, utapata gari la kutisha. Weka vipya, utapata gari kali lakini la kueleweka. Umri wa tairi, kwa asiyejua, unasomeka ubavuni kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yaweza kuwa na kashata nzuri kwa macho na huku mpira wake umeshakuwa mgumu. Magari ya michezo yanaingia mno kwenye mtego huu kwa kuwa hayatembei sana.

Baada ya matengenezo hayo, hamu yangu ya kubadili ilipungua karibu nusu. Iliyobaki ndiyo niliyoiona ni hamu halali, na hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye Cayman.

Rafiki yangu ana Cayman S ya kizazi cha kwanza, kile cha 987 kilichotoka mwaka 2005, yenye injini ya lita 3.4 na gia za mkono. Yeye alikuwa na hamu ya gari la wazi, mimi nilikuwa na hamu ya lake, tukabadilishana kwa muda wa kutosha mtu kulizoea gari. Namshauri yeyote mwenye nafasi hiyo aitumie. Kuzunguka na muuzaji mtaa mmoja na kurudi hakukuambii lolote ila jinsi kiti kilivyo.

Kitu cha kwanza unachokisikia ni mwili wa gari. S2000 ni imara kwa gari lisilo na paa, tena imara sana, lakini Cayman ni kitu kimoja kilichofungwa juu chini. Ikipita kwenye bonde la lami hakuna kinachotikisika, kwa hiyo saspensheni inafanya kazi yake peke yake na inaweza kuwa laini bila kulegea. Injini ni silinda sita zilizolala, tatu huku na tatu kule, na imekaa nyuma ya mgongo wako, mbele ya ekseli ya nyuma. Uzito wote mkubwa uko katikati. Unapoingiza gari kwenye kona halina ile sekunde ya kufikiri. Linageuka kuanzia kiunoni mwako. Honda nayo imesukuma injini yake nyuma ya ekseli ya mbele na uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu, lakini unapozipeleka zote mbili barabara moja siku moja, Cayman inageuka kwa urahisi zaidi na inakusamehe zaidi.

Usukani ndio ulionivutia kupita yote. Ni wa haidroliki, na mikono inasoma kila kitu: lami imebadilika, gurudumu la mbele limeanza kukaribia mwisho wa mshiko, kona ina mwinamo. Porsche walihamia usukani wa umeme kwenye kizazi kilichofuata, kile cha 981, na kwa maoni yangu hili peke yake latosha kumfanya mtu atafute 987. Nguvu za farasi 295 ni nyingi, lakini raha yenyewe iko kwenye mwendo mdogo. Unaweza kwenda kazini kwa utaratibu kabisa na bado ukafurahia kila kona. Kwa S2000 furaha ya injini ina masharti: upate barabara, upate nafasi, upandishe mizunguko. Cayman inakupa yake bila masharti. Na ina buti mbili, moja mbele na moja nyuma chini ya mlango mkubwa wa kioo. Mizigo ya watu wawili ya wiki nzima inaingia.

Kwa nini basi sikubadili?

Gia, kwanza. Kwenye S2000 mkono wa gia umesimama juu ya gia boksi yenyewe, mfupi, na mwendo wake kutoka gia moja hadi nyingine ni kidogo mno. Unasikia vyuma vikiingia mahali pake. Cayman, kwa kuwa gia boksi iko nyuma, inatumia kebo. Ni nzuri, naisifu, ila kuna umbali kati ya kiganja na chuma. Mimi ni mtu anayebadili gia hata pasipohitajika, kwa hiyo kwangu hilo si jambo dogo.

Pili, ile safari ya kutoka 6,000 hadi 9,000. Injini ya Porsche ina sauti tamu na inavuta kila mahali, na kwa sababu inavuta kila mahali hakuna pa kusubiri kwa hamu. Ya Honda inakudai kazi kisha inakulipa. Gia ya pili ikiisha uko kwenye kilomita 100 na kidogo kwa saa, kwa hiyo malipo hayo unaweza kuyapata kwenye mwendo usio mbali na ule unaoruhusiwa kwenye barabara kuu nyingi. Nilipokuwa na Cayman niligundua nakwenda kasi zaidi na kufanya kazi kidogo zaidi, na kila niliposhuka nilikuwa nimeridhika lakini sikuwa nimechangamka. Tatu ni paa. Sikujua ni kiasi gani cha mapenzi yangu kilikuwa hewa na sauti ya wazi hadi nilipofungiwa ndani. Kuna Boxster, ndugu yake Cayman wa paa la kufunguka, najua, na kama paa lingekuwa ndiyo sababu pekee ningekwenda huko.

Nieleze na upande wa ufundi, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Injini za Cayman za kipindi hicho, kabla ya toleo la 2009, zina shafti ya kati inayoendesha minyororo ya kemshafti, na beringi ya shafti hiyo ikifa inaweza kuua injini nzima. Kwa magari ya 2006 hadi 2008 beringi ni kubwa na haifi kirahisi kama za zamani, lakini huwezi kuibadilisha bila kuipasua injini. Tatizo jingine, ambalo mimi ningeliogopa zaidi kwenye hii ya lita 3.4, ni kuta za silinda kuchanika mikwaruzo. Dalili zake ni kula oili, bomba la moshi kuwa jeusi kwa masizi, na mgongano mwepesi injini ikiwa imeshapata moto. Usinunue bila fundi kuingiza kamera ndogo ndani ya silinda na kuzitazama kuta kwa chini, na bila kusoma kumbukumbu za kompyuta ya injini, ambayo inahifadhi mara ambazo mizunguko ilipitishwa kiwango. Toleo la 2009 kuendelea lilipata injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa, na hilo ndilo ninalompendekezea anayeweza kulifikia.

Honda nayo si malaika. Kwenye AP1 kosa la kushusha gia isiyo yake ukiwa juu ya mizunguko linaweza kupasua vishikilia springi za valvu. Kikaza mnyororo cha zamani huanza kupiga kelele. Na oili lazima uipime mara kwa mara kwa kijiti, kwani injini inayozunguka hivi inaila. Vipuri vya mwili na vya ndani vinaadimika, maana uzalishaji uliisha 2009 na yalitengenezwa takriban magari 110,000 tu. Ila udhaifu wa gari langu naujua mmoja mmoja na historia yake yote iko mkononi mwangu. Nikibadili nanunua historia ya mtu mwingine.

Hilo la idadi nalo lina uzito. S2000 haikupata mrithi. Ukiuza leo na kujutia kesho, utakayoipata haitakuwa ile yako, na huenda ikawa imeshachezewa na watu wengi. Cayman nzuri zinaendelea kupatikana. Kwa hiyo kungoja hakunigharimu kitu, na kuharakisha kungenigharimu.

Mazda MX-5 ya kizazi cha 2015 niliitazama pia. Ni nyepesi, ina gia tamu, na kwa asiye na S2000 ningesema anunue bila kusita, lakini kwangu ilikuwa ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile. Porsche 718, mrithi wa Cayman, ile ya silinda nne na turbo, haikunigusa moyo.

Kama ungekuwa na gari moja tu la kila siku, la mvua, la safari na la kazini, chukua Cayman na usitazame nyuma. Mimi nina gari jingine la shughuli hizo, kwa hiyo S2000 inabaki kufanya kazi moja inayoifanya vizuri kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Rafiki yangu, kwa upande wake, ameanza kutafuta Boxster. Ikitokea Cayman S ya 2009 au baada ya hapo, ya gia za mkono, yenye rekodi kamili za matengenezo, nitaikagua kwa dhati, ila itakuja kukaa kando ya Honda na si mahali pake.