Kijitabu cha msiba wa Bibi: duka moja la uchapaji Moshi mjini

Ukoo ukipata msiba kule Mwika, kazi ya kijitabu cha ibada humwangukia mjukuu aliyepanda kutoka Dar na kompyuta begani. Safari hii nilikuwa mimi. Naandika kwa ajili ya atakayefuata, maana nilipouliza duka zuri niliambiwa tu, "Nenda mjini, yapo mengi." Yapo kweli. Hili nililotumia lina vijana watatu, mashine mbili na feni isiyozunguka. Jina silitaji, kwa sababu nina sifa za kuwapa na nina ugomvi nao pia, na sipendi kumharibia mtu riziki.

Sifa kwanza. Kazi ya msiba hawailazi. Niliwaachia flashi jioni, asubuhi sampuli ikawa imeingia WhatsApp. Kurasa 16, kava ya rangi ya karatasi ya kung'aa, ndani nyeusi na nyeupe: shilingi 3,000 kwa nakala, wakashusha hadi 2,500 kwa kuwa tulichukua 200. Nusu unalipa mwanzo kwa Lipa Namba, na risiti unapewa bila kuibembeleza.

Picha ya ujana wa Bibi tuliyokuwa nayo ni moja tu, ya pasipoti, imebandikwa kwenye kadi ya chama cha msingi cha ushirika. Bibi alizaliwa 1936, miaka 3 baada ya KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kuanzishwa, kwa hiyo amekua na kuzeeka ndani ya kahawa. Lakini kadi yake mwenyewe aliipata Babu alipofariki. Kabla ya hapo alikuwa akichuma, akimenya kwa mashine ya mkono, akiosha, akianika, halafu fedha inaitwa ya Babu. Cha mwanamke kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kilikuwa ndizi na maziwa. Basi kwenye ile picha mhuri wa chama ulikuwa umepita begani hadi shingoni. Kijana wa kompyuta aliuondoa mhuri, akaishona upya kola ya gauni hadi huwezi kujua palikuwa na wino. Shilingi 10,000, na ninaona ilikuwa halali yake.

Ila akishanogewa, hajui kuacha. Kwa kava tuliwapa picha ya uzeeni, iliyopigwa kwa simu: Bibi kavaa buti za mvua, kitenge na kitambaa kichwani, nyuma yake migomba. Sampuli ikarudi Bibi akiwa juu ya mawingu, njiwa wawili mabegani, ngozi imesuguliwa mpaka anaonekana mdogo kuliko mama yangu.

"Dogo, hapa kwenye paji la uso palikuwa na kovu."

"Nimelitoa, dada. Hivyo ni vitu tunatoa tu, hata wateja hawaulizi."

Mimi niliuliza. Lile kovu ni la mti wa kuegemezea mgomba. Mkungu wa mshare ulikuwa umeshakomaa, mti ukateleza, ukampiga. Mama anasimulia kwamba alijifunga kitambaa, akamaliza kukata, akajitwisha mkungu kwenda sokoni, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa wiki ileile. Watoto watano wamesomeshwa kwa ndizi. Ukilifuta kovu unabaki na bibi wa watu wengine. Kijana alilirudisha bila kununa, na mawingu yakaondoka, migomba ikarudi.

Hali ilikuwa hiyohiyo kwenye wasifu. Wana wasifu uliokwisha andikwa, unajaza jina tu: "alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye upendo kwa wote." Bibi mcheshi! Bibi alikuwa mkali, hasa kwenye zamu ya maji ya mfereji. Ukichelewa kufungua kwako anafungua kwake, mtagombana baadaye. Miaka ya mwanzo ya 2000, bei ya kahawa ilipoporomoka na majirani wakang'oa mibuni wapande nyanya, baba mkubwa alishuka na shoka. Bibi alimnyang'anya. Akamwambia mibuni haimdai mtu chakula, aiache isimame. Haya tuliyaandika wenyewe, na wakati yanasomwa kanisani nilisikia watu wakicheka na kulia kwa pamoja. Usikubali wasifu wa duka.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa pambo la pembeni. Walikuwa wameweka waridi. Nikasema, jamani, wekeni sale. Kijana mmoja, mtu wa Rombo, hakusubiri maelezo. Sisi Wachaga mmea huu wa sale tunaupanda mpakani na makaburini, na aliyekukosea akija na jani lake kuomba radhi, kumkatalia ni vigumu mno. Alitoka nje, akapiga picha ya sale iliyokuwa kwenye uzio wa jirani, akarudi, akalikata jani moja kwenye kompyuta na kulizungushia kurasa zote. Hata vumbi la barabarani lilionekana juu ya jani. Nilimwambia aliache.

Sasa ugomvi. Nakala kadhaa zilitoka na ukurasa wa pili wa nyimbo umetangulia wa kwanza, kwaya ikaimba ubeti wa nne watu wakiwa bado wanapekua. Omba zote uzikague kabla hazijapigwa pini. La pili ni kubwa zaidi: ukurasa wa mwisho, chini kabisa ya neno la shukrani la familia, waliweka tangazo lao. "Tunaprinti fulana, mabango na kadi za harusi," na namba ya simu yenye herufi kubwa kuliko jina la Bibi. Kwenye sampuli halikuwepo. Baba mkubwa aliwapigia kwa namba hiyohiyo, na aliyoyasema hayaandikiki. Walirudisha shilingi 50,000 na kuomba msamaha, ingawa sale hawakuleta.

Hata hivyo fulana za siku ya kumaliza msiba tutawapa wao, kwa ajili ya yule kijana wa Rombo. Sharti tumeshaliandika kwenye oda: namba ya simu ikae ndani ya kola.