Simu ya upepo ya njia ya Natron: ya mkononi au ya kufunga garini?

Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron ina vumbi la kumficha aliye mbele yako, hivyo magari yetu huachana mbali na madereva tunaongea kwa simu ya upepo. Zile za mkononi za wati 5 ni nafuu, na ukiwa nje zinafika vizuri. Ndani ya Land Cruiser bati linazuia mawimbi. Tukiingia makorongo ya kupita Engaruka, nasikia mikwaruzo tu.

Chaguo langu ni simu ya VHF (aina ya masafa ya redio) ya wati 25 ya kufunga kwenye dashibodi, antena ya nusu mita katikati ya paa. Hela yako iweke kwenye antena kwanza, wati baadaye. Waya uende moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake. Ukiunga ovyo utasikia altaneta, ile inayochaji betri, ikilia ndani ya simu kila ukikanyaga mafuta.

Ya mkononi siitupi. Ndiyo anayoshuka nayo utingo kukagua mto kabla hatujavuka. Masafa ya redio nayo yana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, muulize muuzaji kabla hujalipa.