Kumlisha kwa kijiko au kumwachia ajilishe?

Mtoto anayenyonya akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, hasa kwa madini ya chuma. Sasa umpondee chakula umlishe kwa kijiko, au umwekee vipande laini ajilishe kwa mkono?

Kwa kijiko unajua kilichoingia tumboni. Nyama iliyosagwa, yai lililoiva vizuri, maharage yaliyopondwa, vyote vinapita, na chuma kinapatikana. Tatizo ni sisi wazazi: mtoto anageuza uso, nasi tunamfuata na kijiko.

Vipande humzoesha kutafuna, na kuacha akishiba. Uchafu wake, usiseme! Ila lazima awe anakaa wima, uwe naye muda wote, na kipande kiwe kinapondeka kati ya vidole viwili. Karoti mbichi na karanga nzima, hapana. Akikohoa kwa kelele, mara nyingi atakitoa mwenyewe. Aliyekabwa kweli hunyamaza. Huyo ndiye wa kukimbiliwa.

Mimi ningeanza na kijiko, kisha baada ya wiki chache niongeze vipande pembeni. Ziwa linaendelea hadi miaka 2 au zaidi. Asali isubiri atimize mwaka.