Ukiwa na leseni hushtakiwi? Michigan na Illinois

Marekani kila jimbo lina sheria ya kumlinda mteja asitapeliwe, ila kuna majimbo yameweka kifungu kwamba jambo lililoidhinishwa na mamlaka ya serikali haliguswi. Sasa hapo ndo wanatofautiana.

Michigan wamezidisha aisee. Tangu kesi ya bima ya 1999, mahakama yao ya juu haiulizi kama ule uongo wenyewe umeruhusiwa (nani aruhusu uongo?), inauliza kama shughuli kwa ujumla imeruhusiwa. 2007 ikaja kesi ya Liss, watu wanalalamika nyumba haijaisha kwa wakati na kazi ni mbovu, wakaambiwa mjenzi ana leseni ya jimbo kwahiyo sheria ile haimhusu, watafute njia nyingine ya kudai. We fikiria, leseni iliyotakiwa imlinde mteja ndo inamkinga fundi.

Illinois afadhali kidogo, wanataka kitendo chenyewe kiwe kimeidhinishwa, kufuata kanuni tu haitoshi. Ila hata humo Philip Morris walipenya. 2003 mahakama iliwaamuru walipe dola bilioni 10.1 kwa kuziita sigara zao "Lights" kana kwamba zina madhara madogo, 2005 mahakama ya juu ikafuta yote, eti tume ya biashara ya taifa, FTC, ilishayakubali maneno hayo kwenye makubaliano yake na kampuni nyingine ya sigara! 2008, kwenye kesi nyingine, serikali ya taifa yenyewe ikasema FTC haikuwahi kuyaidhinisha. Ila wateja hawakuzipata zile bilioni.