Gari la Kifahari la Umeme kwa Mnunuzi wa Mwanza: Lipi Litangulie

Magari ya kifahari ya umeme yaliyotumika Uingereza yameshuka bei kwa kasi, na sababu kubwa ni kodi. Kuanzia Aprili 2020, mfanyakazi aliyepewa gari la aina hiyo na mwajiri wake hakutozwa kodi ya marupurupu hayo kwa mwaka mzima, kisha ikahesabiwa asilimia 1 tu ya bei ya gari kuwa kipato chake cha kutozwa kodi, halafu 2. Makampuni yakayakodi kwa wingi, na mikataba ilipokwisha yakamiminika minadani kwa pamoja. Tesla nayo ilipunguza bei za magari mapya mwaka 2023, na ya mitumba yakashuka zaidi. Unafuu huo utaupata unaponunua, si unapouza, kwa kuwa wateja wa magari haya Mwanza ni wachache mno. Kwa hiyo ninayapanga kwa kuangalia lipi unaweza kukaa nalo miaka mingi.

La kwanza ni Audi e-tron 55. Limeinuka vya kutosha kwa barabara zetu za vilima na mawe, na katika betri yake ya uniti 95 zinazotumika ni takribani 84, ambazo kwa LUKU ya nyumbani hugharimu kati ya shilingi 30,000 na 35,000 pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Litafika Musoma bila wasiwasi, ila kurudi siku hiyohiyo kutahitaji kuchaji tena. Usilichanganye na e-tron 50, lenye betri ya uniti 71, na kagua kwa makini shokapu zake za upepo.

La pili ni Jaguar I-Pace, ingawa uzalishaji wake umekoma na baadhi ya yale ya 2019 nchini Marekani yaliitwa yarudishwe kwa wauzaji kwa hatari ya betri kuwaka moto. La tatu ni Tesla Model S: lenye usukani wa kulia halijatengenezwa tangu lilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2021, hivyo utapata la zamani tu, na umri huongeza ushuru. Porsche Taycan, tamu kuliko yote kuendesha, naliweka mwisho kwa sababu liko chini mno.

Lolote utakalochagua, dai ripoti ya afya ya betri kabla ya kulipa, na uhakikishe aina ya plagi, kwani yaliyouzwa Japani hutumia tofauti na ya Uingereza. Nyumbani, fundi umeme apime nyaya na ethi, kisha afunge kinga ya radi, maana radi za ukanda huu wa ziwa ni kali.