Nati za loki bila ufunguo, pancha Buhongwa: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana nitaieleza. Ninayemzungumzia ni mzee mmoja mwenye kibanda cha matairi Nyakato, Mwanza, anayetoa nati za loki zilizopotelewa na ufunguo wake.

Gari langu ni Toyota IST lenye rimu za spoti. Kila tairi lina nati nne: tatu za kawaida zinazoshikwa na spana ya 21, na moja ya mviringo, laini, yenye mchoro kichwani kama ua. Hiyo ndiyo nati ya loki, ya kuzuia wezi wa rimu, na haifunguki bila ufunguo wake, yaani kisoketi chenye mchoro unaoingiliana nao. Changu kilishikwa mara ya mwisho na gereji moja ya mjini iliyonifanyia alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi), hakikurudi kwenye mfuko wa jeki. Nilipowapigia, jibu lilikuwa, "Sisi huwa tunarudisha, dada." Basi.

Pancha ikanikuta Buhongwa nikitoka Sengerema. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hiyo safari imekuwa nyepesi, hakuna kusubiri kivuko, lakini msumari hauna habari na daraja. Tairi la mbele kushoto likakaa chini kabisa. Kijana wa bodaboda akaniletea fundi pancha, nikamweleza habari ya loki. Akacheka. "Dada, nani kakwambia lazima tairi litoke?"

Akanikatisha usukani hadi mwisho, wakasogeza gari kidogo mpaka msumari ukaangalia nje. Akauchomoa kwa koleo, akasugua tundu kwa kile chuma chenye meno, akapenyeza uzi wa mpira wenye gundi, akakata uliobaki, akapiga upepo kwa pampu ya mguu na kupaka maji ya sabuni. Hakuna povu. Elfu kumi, nikaondoka. Hii inawezekana tu kama tairi halina tyubu na tundu liko kwenye kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara. Likiwa ubavuni, sahau. Tena ni ya kukufikisha tu. Kiraka cha maana kinawekwa kwa ndani, kwa hiyo ile nati ilikuwa bado inanidai.

Sehemu ya kwanza niliyosimama walitaka kuchomelea kipande cha chuma juu ya nati, tairi likiwa pale pale. Nikageuza gari. Joto la kuchomelea likipita kwenye rimu yenye tairi, tairi linaweza kulipuka, hata kama upepo umetolewa, na rimu ya alumini yenyewe inadhoofika. Jamaa aliniona naringa.

Mzee wa Nyakato hakukimbilia nyundo. Shikamoo, marahaba, kisha akapekua gari mwenyewe: droo ya dashibodi, mifuko ya milango, chini ya spea. Anasema wengi wanakuja kulia kumbe ufunguo wanao. Alipohakikisha haupo, akaigusa nati kwa vidole kuona kama ina pete ya nje inayozunguka bure, maana ya namna hiyo haitoki mpaka pete iondolewe kwanza. Yangu ilikuwa kipande kimoja.

Akachukua soketi yenye meno yaliyopinda kwa ndani, ambayo inazidi kung'ata kadiri unavyofungua. Akaigongea juu ya nati, gari likiwa bado limekaa chini, bila jeki, akaweka mpini mrefu na kuulalia. Ikalia kwa mkwaruzo, ikaachia. Ile ya nyuma kulia ilikuwa na kutu. Akaipaka mafuta, akaagiza chai, akarudi nayo baadaye. Zote nne zimetoka na rimu hazina hata mkwaruzo. Pancha ikazibwa kwa ndani hapo hapo.

Kilichonikosha zaidi ni nati mpya. Kijana wake alileta za Nissan. Kwa macho hazina tofauti, zote ni milimita 12, ila hatua ya uzi, yaani nafasi kati ya mzunguko mmoja wa uzi wa nati na mwingine, ya Toyota ni milimita 1.5 na ya Nissan ni 1.25, sawa na Subaru na Suzuki. Mzee akaanzisha moja kwa vidole, ikagoma mwanzoni tu, akairudisha kwenye boksi bila kusema neno. Kwa bunduki ya upepo ingeingia kwa lazima na studi, ile bolti ya gari inayoshika nati, ingekufa.

Sasa ile nyota. Kufunga, yule kijana alipanda juu ya spana kwa mguu. Toyota wanataka nati hizi zikazwe kwa nguvu ya Nm (nyutoni mita) 103, na pale hakuna spana ya kupimia. Niliomba zilegezwe zikazwe upya kwa mkono. Mzee alikubali, kijana akanuna. Bei nayo ilianzia elfu kumi na tano kwa kila nati, tukamalizana elfu hamsini kwa zote, nati mpya kando. Risiti hakuna.

Jumapili hafungui mpaka watoke kanisani. Ukimkuta kijana peke yake, kaa kwenye benchi umsubiri mzee.