Uzoefu wangu na 4:44 ya Jay-Z: anawaka akiongea na wa nyumbani kwake, anapoa akiwa mshauri wa fedha

Kwa asiyetaka maelezo marefu: 4:44 ya rapa wa Marekani Jay-Z ni albamu nzuri isiyolingana. Jay-Z akiongea na mtu wake wa karibu, awe mke, mama, mtoto au nafsi yake mwenyewe, ananikamata kuliko mkongwe mwingine yeyote wa kuchana. Akigeuka kutuhutubia sisi wengine, hasa mambo ya pesa, naanza kuangalia wimbo umebakiza dakika ngapi.

Ilitoka tarehe 30 Juni 2017, miaka 21 baada ya albamu yake ya kwanza, Reasonable Doubt, yeye akiwa na umri wa miaka 47. Kwenye hip hop umri huo ni mtihani. Wengi wakifika hapo huchagua moja kati ya mawili: kujipaka ujana na kukimbizana na midundo ya watoto wa juzi, au kurudia hadithi zilezile za mtaani walizosimulia wakiwa na miaka 25, wakati siku hizi mtaa wenyewe wanaupita ndani ya gari la vioo vyeusi. Albamu yake ya 2013, Magna Carta Holy Grail, ilishanitia wasiwasi kwamba naye anaelekea huko. Samsung waliigawa bure kwa watumiaji milioni moja wa simu zao, na kwa masikio yangu lile dili lilikuwa na uzito kuliko nyimbo. Safari hii napo hakukosa dili: walioanza kuipata ni wateja wa Tidal, kampuni ya kusikilizia muziki mtandaoni aliyoinunua 2015, pamoja na wateja wa mtandao wa simu wa Sprint huko Marekani. Majukwaa mengine yakaja kuipata wiki iliyofuata. Shabiki wa miaka yote unaambiwa usubiri foleni nje ya mlango, haya bwana.

Ila muziki wenyewe ni habari nyingine. Nyimbo 10, dakika 36 hivi, unaimaliza kwa mkupuo. Midundo yote imesimamiwa na No I.D., prodyuza wa Chicago aliyefanya kazi na Common kwenye Resurrection ya 1994 na aliyemshika mkono Kanye West akiwa bado kijana. Alimwomba Jay-Z amtajie nyimbo anazozipenda, kisha akazichukua hizohizo na kuzikatakata. Ndiyo maana Nina Simone anasikika mara mbili, Stevie Wonder yupo, Donny Hathaway yupo, Fugees wapo, Sister Nancy yupo. Kinachonifurahisha ni kwamba sampuli, yaani hivyo vipande vya nyimbo za wengine, hazijafichwa. Zinaachwa ziimbe, kisha zinakatwa katikati ya neno, zinajikwaa, zinarudi, na Jay-Z anajipenyeza kwenye nafasi iliyobaki. Isikilize kwa hedifoni, tena usiku kukiwa kimya. Ukiipeleka kwenye spika za sherehe utasema imerekodiwa vibaya, kwa sababu besi imeshushwa na sauti ya mchanaji ndiyo imepewa kiti cha mbele.

Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa tano, na urefu wake ni dakika 4 na sekunde 44. Mwenyewe alieleza kwamba aliamka saa kumi na dakika 44 alfajiri akauandika. Unaanza na sauti ya Hannah Williams, mwimbaji wa soul wa Uingereza, sauti iliyopasuka kama ya mtu aliyelia hadi akachoka. Ungeapa ni santuri ya miaka ya 60, kumbe rekodi hiyo ilitoka 2016 tu. Jay-Z haungoji mdundo ukae sawa. Neno lake la kwanza la maana ni kuomba radhi, na tangu hapo vina vinalegea, mistari mingine haifungi, pumzi inasikika. Mtu aliyejenga jina kwa kupanga silabi bila kukosea hata moja, hapa anaacha sentensi zimwagike. Anataja mimba zilizoharibika. Anakiri kwamba ilibidi binti yake azaliwe ndipo aanze kuona mambo kwa jicho la mwanamke. Kisha anaiwaza siku watoto wake watakapojua aliyomfanyia mama yao, na hapo mimi huacha chochote ninachofanya.

Tukumbuke Lemonade, albamu ambayo mkewe Beyoncé alizungumzia usaliti kwenye ndoa, ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Siri haikuwa siri tena, na dunia nzima ilishachagua upande. Alikuwa na nafasi ya kujitetea, au kupotezea kabisa kwa mistari miwili ya ujanja kama alivyozoea. Hakufanya hivyo. Wapo wanaosema radhi ya mke na mume haiuzwi dukani, ikaombwe chumbani. Hoja hiyo naielewa, na siwezi kuipinga yote, maana mwisho wa siku pesa iliingia. Lakini nikiupima kama wimbo, sijasikia mchanaji mwanamume wa kiwango chake akijishusha hivyo bila kutafuta pa kuegemea.

Smile nayo ilikuwa ifikie hapohapo. Anazungumzia mama yake, Gloria Carter, aliyeishi miaka mingi akificha kwamba anapenda wanawake, na anasema alilia kwa furaha mama alipompata wa kumpenda. Mwishoni mama mwenyewe anashika maikrofoni na kusoma shairi lake, taratibu, bila madoido, mdundo ukiwa umeshushwa chini yake. Kizuri sana. Tatizo ni katikati. Beti ya kwanza ikiisha, Jay-Z anamwacha mama amesimama, anahamia kwenye majigambo ya biashara, na mpaka shairi linaanza umeshasahau mlikuwa mnaongelea nini. Kwa nini umwite mama halafu uanze kuhesabu mafanikio yako mbele ya wageni?

Albamu inafunguliwa na Kill Jay Z, ambapo Shawn Carter, ndiyo jina lake halisi, anamkalisha chini yule Jay-Z wa majukwaani na kumsomea mashtaka: kumpiga risasi kaka yake utotoni, kumchoma mtu kisu, ile vurugu ya kwenye lifti na shemeji yake Solange. Ni mwanzo mkali mno kwa mtu wa hadhi yake. Halafu unafika Bam, wimbo wa saba, Damian Marley anaunguruma, Sister Nancy anazungushwa nyuma, na yule tuliyeambiwa ameuawa anarudi mzimamzima kusema mara nyingine mtu unahitaji majivuno yako ili watu wakumbuke wanacheza na nani. Marafiki zangu wengine wanauona kama upungufu. Mimi naona huo ndio ukweli wenyewe. Mtu hakiui kiburi chake mara moja akabaki malaika. Isitoshe, Bam ndiyo pekee humu inayotikisa kichwa bila kukutaka ufikiri, na kufikia wimbo wa saba masikio yanakuwa yameshaihitaji.

The Story of O.J. ndiyo iliyosifiwa kuliko zote, na ndiyo inayonigawa. Kiitikio sina neno nacho: uwe maji ya kunde au mweusi tii, tajiri au maskini, mbele ya mbaguzi wote ni mamoja, huku Four Women ya Nina Simone ikikwaruza nyuma. Anamchomoa O.J. Simpson, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyedhani umaarufu umemvua weusi, anamaliza kazi kwa neno moja la dharau. Lakini beti zinageuka darasa la uwekezaji. Alinunua kazi ya sanaa kwa dola milioni moja, baada ya miaka miwili ikafika milioni mbili, miaka michache mbele milioni nane. Angeweza kununua jengo mtaa wa DUMBO, Brooklyn, kwa milioni mbili. Hakulinunua, na anasema lilishafika milioni 25. Sawa kaka, tumekusikia. Huo ni ushauri kwa mwenye milioni iliyokaa bure, na anautoa kwa sauti ya mtu anayedhani sisi wengine tulikosa akili tu, si mtaji. Na ule mstari kuhusu Wayahudi na umiliki wa majengo ulilalamikiwa, kwa haki. Aliyetoka kulalamika kwamba weusi wote wanawekwa kwenye kapu moja, dakika mbili baadaye anawaweka wengine kwenye kapu lao. Hata kama alikusudia kusifia, ni uvivu.

Nyingine nazipitia haraka. Caught Their Eyes ina Frank Ocean na inatetea urithi wa marehemu mwanamuziki Prince, nia njema, lakini wimbo hauna mwendo. Moonlight ni malalamiko ya mzee kuhusu vijana wanaochana kwa staili moja. Ana hoja, ila anaisema akiwa amechoka, nasi tunachoka naye. Family Feud inabebwa na ile kwaya ya Clark Sisters na Beyoncé akipanda juu yake. Jay-Z anaomba wakongwe na vijana wa rap waache kugombana, halafu hapohapo anatamba kuhusu mabilionea. Nimeshamzoea.

Marcy Me ndiyo ya kumpa mtu anayedai Jay-Z ameshakwisha. Anarudi Marcy Houses, majengo ya Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, alikokulia, juu ya sampuli ya Quarteto 1111, bendi ya Ureno. Hapo ufundi wa zamani unarudi wote: kina ndani ya kina, jina la mtu limefichwa ndani ya maneno kuhusu bunduki, na mtiririko unaotembea bila haraka. Kila nikiurudia kuna kitu kilichonipita.

Halafu Legacy. Sauti ya Blue Ivy, binti yake wa kwanza, inauliza wasia ni nini. Baba anajibu, na sehemu kubwa ya jibu ni pesa: nani apate nini, biashara zigawanywe vipi, mabinamu wasaidiwe namna gani. Pesa zilezile zilizonichosha kwenye The Story of O.J., humu zinanishika koo, kwa sababu anayeelezwa ni mtoto aliyeuliza, na baba anazungumza huku akijua siku moja hatakuwepo. Kama angechana mistari yake yote ya uwekezaji akimwelekea yule mtoto, ningemkubalia hata lile jengo la DUMBO.

Ilipata uteuzi nane kwenye Grammy za Januari 2018, ikaondoka mikono mitupu. Mashabiki walikasirika. Kwa albamu bora ya rap walimpa Kendrick Lamar na DAMN., na hapo mimi sina ugomvi na mtu. Alama zangu ni 8 kwa 10. Mpenzi wa ngoma za klabu, hii si yako. Aliyeoa, aliyekosea, au aliyekua na Jay-Z tangu kaseti, aichukue leo.

Na akiichukua, atafute ile yenye nyimbo tatu za nyongeza. Mojawapo ni Adnis, jina la baba yake aliyeikimbia familia yeye akiwa mdogo. Ni kinanda na sauti tu, mtoto wa miaka 47 akimwambia baba yake marehemu yale ambayo hawakumaliza kuongea. Sielewi waliikalisha vipi benchi wakati Caught Their Eyes inacheza dakika zote. Kwenye orodha yangu nimeshafanya mabadiliko: Caught Their Eyes nje, Adnis inakaa kabla ya Legacy.